Sehemu ya Pili Iko Wapi?

Swali lilikuwa fupi kuliko yote kwenye karatasi: ∫ ln x dx. Maelekezo yalisema tutumie intigresheni kwa sehemu. Nililikodolea macho karibu dakika ishirini. Sehemu gani sasa? Kitu chenyewe ni kimoja. Ni kama uambiwe ugawane chapati na mwenzako na uko peke yako chumbani.

Niliacha hapo peupe. Nikaanguka somo, nikafanya sapu, nikaanguka tena. Muhula uliofuata karo nayo ikakwama, nikafunga godoro na kurudi nyumbani Karatina. Nisidanganye, sikuacha chuo kwa sababu ya kalkulasi. Pesa ilikuwa sababu kubwa zaidi. Lakini ukiniuliza ni siku gani hasa nilijua siendi popote, nitakutajia hilo swali.

Na mimi nilikuwa wa hesabu, jameni. Shule ya upili intigresheni ilikuwa mteremko: unaongeza moja kwenye kipeo, halafu unagawa kwa kipeo kipya. x² inakuwa x³/3. Ukitaka eneo chini ya mstari uliopinda, unalikata trapeza trapeza, unajumlisha, umemaliza. Majirani walishaanza kuniita injinia. Halafu mwaka wa kwanza chuoni nikakutana na hii ubaoni:

∫ u dv = uv − ∫ v du

Mhadhiri akasema tutaizoea. Wengine wakaizoea. Mimi niliikariri kama namba ya simu, bila kujua inampigia nani.

Ruka hadi Februari 2022. Nilikuwa "mwandishi wa mtandaoni," na kama una marafiki Nyeri, Nanyuki au Thika unajua hiyo mara nyingi inamaanisha nini: kufanyia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Akaunti haikuwa yangu. Ilikuwa ya jamaa wa Nanyuki ambaye naye aliinunua kwa mtu mwingine. Mimi nilizoea insha za uuguzi. (Mwaka huohuo Uingereza ilipitisha sheria ya kuharamisha kuwauzia wanafunzi wa England kazi za aina hii. Sisi tulisikia tu kwamba oda za huko zitapungua.)

Jamaa akapiga simu saa mbili usiku. "Mse, si ulikuwa unasoma uinjinia? Kuna mtu wa Marekani ana maswali kumi na mawili ya kalkulasi. Dola 15. Mimi nachukua 5."

Dedilaini ilikuwa saa sita usiku kwao, yaani saa mbili asubuhi kwetu. Dola 10 wakati huo ilikuwa kama shilingi elfu moja na mia moja, na tokeni za stima zilikuwa zinaelekea kuisha. Nikasema ndiyo. Nikafungua faili. Swali la saba: ∫ ln x dx.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikapandwa na hasira, nadhani hiyo ndiyo iliyonifanya nikae macho.

Video tatu hazikunisaidia. Kilichonisaidia ni viazi. Mathe huuza viazi sokoni Karatina, na pesa zake za siku ni bei mara magunia. Vyote viwili hubadilika. Bei ikipanda kidogo, pesa inaongezeka kwa hiyo nyongeza mara magunia aliyo nayo. Magunia yakiongezeka kidogo, pesa inaongezeka kwa hayo magunia mara bei ya sasa. Mabadiliko yote ni jumla ya hivyo vipande viwili. Basi. Hiyo ndiyo kanuni ya kuzidisha. Ile fomula iliyonitoa chuo ni kanuni hiyohiyo ikirudi kinyumenyume: ukijua jumla ni uv na unajua kipande kimoja, cha pili unakipata kwa kutoa. Kama hesabu ya chenji.

Nikachora mstatili kwenye karatasi, kimo moja, upana e, ile namba ya 2.718 na kuendelea. Eneo lake ni e. Nikapitisha mstari wa ln x ndani yake. Ukaukata vipande viwili: cha chini, ambacho swali lilikitaka na sikukiweza, na cha juu yake, upande wa kushoto. Ukigeuza karatasi ubavu, hicho cha pili ni eneo la eʸ kutoka 0 hadi 1, rahisi kabisa: e − 1. Toa kwenye mstatili. Kinachobaki ni 1. Moja kamili, bila desimali!

Sehemu zilikuwepo muda wote. Hata kwa kuandika zipo: ln x ni ln x mara 1. Hiyo 1 ndiyo unaiintigreti inakuwa x, na jibu ni x ln x − x + C. Baadaye nilisoma kwamba mbinu hii inahusishwa na Mwingereza Brook Taylor, mwaka 1715. Zaidi ya miaka mia tatu watu wanaitumia hiyo 1, mimi nikaikosa kwenye mtihani kwa sababu haikuandikwa.

Saa kumi alfajiri mathe aliamka kujiandaa kwenda soko. Akakuta taa yangu inawaka.

"Bado unaandika, awa?"

Ananiita hivyo, baba, kwa sababu nina jina la baba yake. Ni heshima nzito kuibeba ukiwa na faili ya mtu mwingine mbele yako.

"Bado, maitu."

Akaniwekea chai ya tangawizi kwenye thamosi. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni akaniombea, kwamba Mungu abariki kazi ya mikono yangu. Nikasema amina. Nilikuwa swali la kumi.

Mmarekani alipata 94. Aliandika kwamba mimi ni jiniasi, akauliza kama ninaweza kumfanyia somo lote hadi mtihani wa mwisho. Nilimfanyia. Ningependa kuandika hapa kwamba nilikataa.

Desemba iliyopita dada yangu mdogo alirudi nyumbani kutoka chuo, mwaka wa kwanza. Akaja na daftari mezani nikiwa nakula.

"Braza, nisaidie na hii."

Sikuhitaji hata kuangalia vizuri. Nikaanza na viazi. Akanikatiza, "Nifanyie tu, mimi nitasoma baadaye." Nikamwambia hapana, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka mathe akageuka kutoka jikoni. Dada akanuna. Nikachora mstatili, nikampa kalamu. Alikaa nao muda mrefu, akifuta, akiandika, mpaka akaniuliza swali nililolijua, "Lakini sehemu ya pili iko wapi?" Nikanyamaza. Ilinibidi nikalie mikono.

Akaipata bila mimi. Akaandika 1, akaizungushia duara, akaniangalia kama mtu aliyeibiwa na sasa ameona mwizi.

"Wewe si uliacha hii kitu? Ulifundishwa na nani?"

Mathe alikuwa ametoka nje kuanua nguo. Nikamweleza dada yote, kwa sauti ya chini: akaunti, jamaa wa Nanyuki, dola 10, maombi ya mlangoni. Hakunihukumu. Alifikiria kidogo, kidole kikiwa bado kwenye ile duara.

"Na huyo mtu akawa injinia?"

"Sijui. Lakini alipita."

Akarudi kwenye daftari. Alikuwa amesahau C, nikamwonyesha.