Sauti ya Pili

Niseme mapema ili tusielewane vibaya: sijui kupiga fidla. Wala viola, wala selo. Kinanda cha kanisani nakipiga kwa kiwango cha kutokimbiza waumini, basi. Lakini mwaka jana nilitumia miezi saba kuandika kwateti ya nyuzi, yaani muziki wa fidla mbili, viola na selo, kwa mtindo wa Joseph Haydn, mtu aliyezaliwa Austria mwaka 1732. Wenzangu wa hosteli waliponikuta nimeinamia laptopu saa nane usiku walidhani napiga msuli wa UE. Mmoja aliposikia nilichokuwa nakifanya aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayejipikia supu mwenyewe.

Nasomea ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Muziki. Kozi ya utunzi ilitutaka tuandike kitu kwa mtindo wa karne ya 18, kwa vyombo visivyopungua viwili. Wengi waliandika minueti ya dakika mbili wakamaliza, na kusema kweli hiyo ndiyo ilikuwa akili. Mimi nilikuwa na wimbo ambao haukuwa wangu, na sikujua niupeleke wapi.

Nyumbani kwetu ni Mpwapwa. Mwalimu wetu wa kwaya (tulimwita Mwalimu tu, mji mzima ulimwita hivyo) alinifundisha sol-fa nikiwa darasa la nne, kwa kugonga meza kwa kalamu mpaka meza ikaota alama. Nyimbo zake alizitunga kwenye daftari la kaunta. Alikuwa na utaratibu: anaandika soprano kwanza, kisha besi, halafu anaacha mistari miwili mitupu katikati kwa siku kadhaa. Alto na tena zilikuja mwisho. Alifariki nikiwa kidato cha sita. Kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa kulikuwa na wimbo wa mistari kumi na sita, soprano na besi zimekamilika, katikati hakuna kitu. Maneno hayakuwepo. Mke wake aliniruhusu niupige picha. "Piga picha, mwanangu," alisema, "daftari libaki hapa."

Picha hiyo ilikaa kwenye simu yangu miaka miwili.

Kilichonifanya niikumbuke ni Haydn. Mwaka 1797 alitunga wimbo wa kumwombea Kaisari Franz wa Austria, halafu akauchukua wimbo huohuo akauweka kwenye sehemu ya pili, ile ya polepole, ya kwateti yake Op. 76 Na. 3. Wapenzi wa mpira mnaujua hata kama hamjui kwamba mnaujua, maana leo ndio tuni ya wimbo wa taifa wa Ujerumani. Ndani ya kwateti anauleta kwanza wenyewe, umetulia, halafu unakuja mara nne zaidi. Kila mara chombo kimoja kinaupiga kama ulivyo, bila kubadilisha nota hata moja, na vingine vinazunguka pembeni yake. Unaanza na fidla ya pili, unakwenda kwa selo, kwa viola, na mwisho unarudi kwa fidla ya kwanza. Wimbo haukatwi wala haupambwi, unabadilishiwa majirani tu.

Nilisikiliza hiyo sehemu maktaba kwa spika za masikioni, nikajua wimbo wa Mwalimu nitauweka wapi. Na Haydn mwenyewe, jamani, alikuwa mtoto wa kwaya. Aliimba kanisa kuu la Mtakatifu Stefano kule Vienna mpaka sauti ilipovunjika wakamtoa. Watu wa kwaya tunajuana.

Sehemu ya kwanza sitaizungumzia sana, ingawa ndiyo ilikula miezi mitatu. Mtindo wenyewe ni kama safari: unaanza nyumbani, kwangu do ilikuwa F, unahamia C, huko unakaa kidogo, halafu unapotea njia kwa makusudi kwenye funguo za ajabu, kisha unarudi F na yale uliyoyaacha C unayaleta nyumbani. Nilidhani kazi ni kupata tuni nzuri. Nilikuwa nazo nne. Nilihitaji moja. Haydn mara nyingine anafika kule C na badala ya kuleta wimbo mpya analeta uleule wa mwanzo, na wewe msikilizaji unaona kama umekutana na jirani yako stendi ya mkoa mwingine. Nilipofuta tuni tatu ndipo muziki ukaanza kutembea. Kufuta ndiko kuliniuma.

Mwenzangu wa chumba anasoma Sosholojia na ni mtu wa hoja. "Hebu niambie," alisema siku moja akipika maharage, "kwa nini unaandika kama Mzungu aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita? Hata Wazungu wenyewe wameacha." Nikamwambia hawajaacha wote. Nikampa mfano wa George Rochberg, Mmarekani aliyekuwa akiandika muziki wa kisasa ule mgumu usio na do wala so. Mwanawe alifariki mwaka 1964, na baada ya hapo akaona lugha ile haiwezi kubeba alichotaka kukisema. Mwaka 1972 alitoa kwateti yake ya tatu, na katikati yake kuna sehemu ndefu ambayo ungeapa imeandikwa enzi za Beethoven. Wapo waliomwona msaliti.

"Huyo ni Mmarekani, anarudi kwao," mwenzangu akajibu. "Wewe unarudi wapi?" Akaenda mtandaoni, na kesho yake akanijia na Justinian Tamusuza wa Uganda, ambaye kwateti yake, yenye jina la Kiganda kuhusu njia ya msalaba, ilipigwa na Kronos Quartet kwenye albamu ya *Pieces of Africa* ya mwaka 1992. "Fidla nne ni zilezile, lakini sikiliza, hapa kuna Uganda ndani." Nilisikiliza. Kweli ilikuwemo. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia mtindo wa Haydn ndio niliopewa kwenye kozi, na maharage yanaungua.

Wakati wa likizo fupi nilikwenda Mpwapwa. Rasimu ya sehemu ya pili ilikuwa tayari, alto na tena nimezijaza mwenyewe kwa kanuni zote tulizofundishwa, tena kwa fahari. Nikapita kwa mke wa Mwalimu. Shikamoo, marahaba, chai, karanga. Nikamwekea simu mezani. Ilikuwa ile sauti ya programu ya kompyuta, fidla za bati, lakini tuni inasikika.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Akaniambia, "Soprano ni yenyewe. Ila hapa katikati siyo."

"Katikati niliandika mimi, Mama. Daftarini hapakuwa na kitu."

"Daftarini, ndiyo. Lakini alto alikuwa ananiimbisha mimi. Kila wimbo. Mimi naosha vyombo, yeye kakaa mlangoni na soprano yake. Ananiambia, Mama, ingia. Nikiingia vizuri ndipo anaandika." Na hapohapo, bila kujiandaa, akaimba.

Naomba wasiosoma muziki wanivumilie kidogo, maana hapa ndipo mambo yote yalipo. Soprano ya Mwalimu inaanza so, la, so, mi. Chini yake mimi nilikuwa nimeandika mi, fa, mi, do, safi kabisa, kitabu kitupu. Mama aliimba do, re, do, la. Hesabu mwenyewe: kila nota yake iko hatua tano chini ya soprano, zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Hizo ndizo zinaitwa tano sambamba, na kwenye mtindo wa Haydn ni kosa la kwanza unaloonywa, kabla hata hujashika penseli. Tena besi ya Mwalimu pale inakwenda do, fa, do, la, kwa hiyo mwanzoni na mwishoni alto yake inaangukia do na la ya besi. Makosa mawili kwa mpigo mmoja. Mwanafunzi akiandika hivyo anafeli.

Sababu ya kanuni siyo ubabe. Katika mtindo ule kila sauti inatakiwa iwe mtu wake, na mbili zikienda sambamba hivyo zinayeyuka zikawa moja. Lakini Mwalimu alikuwa Mgogo, na mkewe pia. Sikiliza Wagogo wakiimba, au sikiliza rekodi za marehemu Hukwe Zawose, sauti zinakwenda pamoja kwa umbali wa nne na tano na hakuna anayelalamika. Kuyeyuka ndiko kunakotakiwa. Nimekulia humo tangu tumboni, halafu mwaka mmoja wa kozi ukanitosha kuona sauti ya katikati kuwa ni mahali pa theluthi tu.

Nikamrekodi Mama mistari yote kumi na sita. Aliimba bila kusita isipokuwa pale wa kumi na moja, ambapo alifunga macho akarudia mara tatu.

Sasa nilikuwa na tatizo la kweli. GPA yangu haikuwa ya kuchezea, na kozi ile nilishaanza vibaya kwenye jaribio la kwanza. Mhadhiri wetu ni mtu wa haki lakini anasahihisha kwa kalamu nyekundu na rula. Nilifikiria kuandika maelezo ya ukurasa mmoja, kwamba tano hizi ni za makusudi, kwamba kuna mama mmoja Mpwapwa. Niliyaandika hata. Halafu usiku wa kuamkia siku ya kukusanya niliyatoa, nikarudisha mi, fa, mi, do, nikapeleka hiyo. Nilipata B+. Sina cha kujitetea. Nilitaka alama, nikazipata.

Lakini kazi ilikuwa ipigwe pia, mbele ya darasa na watu wachache, na huko hakuna alama. Nikatafuta wapigaji. Fidla tatu tulizipata, selo tuliazimwa pamoja na mwenyewe kutoka kanisa moja mjini, viola haikupatikana kabisa. Ikabidi fidla ya tatu ichukue nafasi yake, na hapo nikajifunza kwa vitendo kwamba fidla inaishia G na viola inashuka mpaka C chini ya hapo. Kila nilipokuwa nimeiachia viola inguruma chini, palibaki shimo. Niliandika upya usiku mbili. Kitu kingine kompyuta haikuniambia: mahali fulani nilikuwa nimempa fidla ya kwanza nota mbili kwa wakati mmoja, B na C za chini. Programu ilizipiga kwa raha zote. Mpigaji alizitazama, akacheka, akanionyesha: zote mbili ziko kwenye uzi mmoja, ule wa G. "Huu uzi ni mmoja, kaka. Nikate vidole?" Sehemu ya bumu ilikwenda kwenye nauli zao, chapati na soda, na wiki ile ya mwisho niliishi kwa uji.

Kwenye nakala ya fidla ya pili nilifuta kwa ufutio, nikaandika alto ya Mama kwa penseli. Mazoezi ya kwanza dada aliyepiga fidla hiyo alisimama. "Hapa umekosea? Nasikia kama nimepotea, sijisikii." Nikamwambia ni sawa, asijitafute, amsikilize tu wa kwanza. Tukarudia. Mara ya nne hivi ikatokea, fidla mbili zikawa kama chombo kimoja kinene, na mpiga selo, ambaye hakuwa amesema lolote tangu aingie, akasema, "Eeh, hii ni zeze." Zeze la Wagogo nalo lina upinde, si mnajua.

Siku yenyewe tulipiga sehemu mbili tu, ya kwanza na ya polepole, muda haukutosha kujifunza zilizobaki. Ya kwanza ilikwenda, pamoja na kupotea mara moja pale kwenye funguo za ajabu, na safari hiyo haikuwa kwa makusudi. Ya pili ilikwenda vizuri kuliko mazoezini. Mhadhiri alikuwa mstari wa mbele na nakala yangu safi mapajani, anafuata kwa kidole. Nilikiona kidole kikisimama. Baadaye hakuniuliza, na mimi sikusema.

Nilimtumia Mama rekodi kupitia simu ya mjukuu wake. Alinipigia Jumapili baada ya ibada.

"Sasa ndiyo wenyewe," alisema. "Alto ni ile."

"Na tena, Mama? Iko sawa?"

Alinyamaza, nikasikia watoto nyuma yake na mtu anaburuta kiti.

"Tena alikuwa anaimba mwenyewe," alisema. "Mimi nikiimba yangu siwezi kuisikia ya mwingine. Sijui alikuwa anaimba nini."

Nakala ya kwateti iko kabatini kwangu hosteli, pamoja na marekebisho yake yote. Soprano, alto na besi za sehemu ya pili nimeshaziandika kwa wino. Tena bado iko kwa penseli.