Hiari Yetu Ni ya Leo

Katika mafundisho yetu hapa Katoyi tunaulizwa mara nyingi: Je, mtu ana hiari kweli, au yote yamekwisha kupangwa? Swali hili lina uzito. Moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji wa Goma mwezi wa Januari 2002, ukatoka tena tarehe 22 Mei 2021, na mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini. Basi wengine husema: «Mimi nachagua nini?» Wengine hukesha wakiwaza ya kesho, hata kazi ya leo huwashinda.

Tuwasikilize kidogo wazee wa China. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba Kanisa halikatai lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Naye John Wu, mwanasheria Mchina aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1937, alifasiri Zaburi kwa Kichina, akafasiri pia kitabu cha Laozi kwa Kiingereza.

Wafuasi wa Laozi husifu kutenda bila kulazimisha. Zhuangzi, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alisimulia habari za mchinjaji mmoja. Kisu chake kilikata ng'ombe miaka 19, kikabaki kikali, maana hakupiga mifupa. Alipitisha kisu penye nafasi kati ya viungo. Alipofika pagumu, alipunguza mwendo, akatazama sana.

Sisi wa Goma twaelewa jambo hilo tukitazama chukudu ikishuka kutoka Kibumba na mzigo wa viazi au makala. Mwenye chukudu hakuumba mteremko, wala hausukumi mzigo. Uzito wenyewe unakwenda. Lakini mguu wake unachagua kila wakati: kukanyaga breki au kuachia, kukwepa jiwe hili au lile. Mawazo yake yakitangulia sokoni kuhesabu fedha, jiwe litamwangusha. Je, hakupanga? Alipanga, alikaza kamba kabla ya kuondoka. Kupanga nako ni kazi ya saa yake.

Ndiyo hiari yetu. Hatukuchagua mlima wala vita. Twachagua tendo lililo mbele yetu sasa. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alifundisha kwamba yaliyopita hayapo tena, na yajayo hayajawapo. Basi hakuna awezaye kutii jana wala kusamehe kesho. Aliyekukosea mwaka 2021, wamsamehe leo, au bado hujamsamehe.

Lakini sisi Wakristo tunaongeza neno moja. Kwa Laozi, Njia haimwiti mtu kwa jina. Kwetu Njia ni Bwana Yesu, naye anatuita na kungoja jibu. Kwa hiyo kutulia si kukunja mikono. Mkimbizi akibisha hodi, nasi tukasema «Mungu alipanga hivyo» na kufunga mlango, hiyo si imani, ni uvivu. Mungu amemleta mlangoni. Kufungua ametuachia sisi.

Basi, asubuhi tukiamka tusiulize mwaka huu utaishaje. Tuulize: Mungu anataka nini kwangu katika saa hii? Tukiisha kujua, tulifanye, na mengine tumwachie Baba yetu.