Mnanisikia?

Kama umewahi kufundisha mtandaoni, unalijua swali hili. Unauliza, kimya. Unauliza tena, mmoja anaandika "ndiyo mwalimu", kisha anapotea. Unabaki na miraba myeusi ishirini.

Wengi wetu tulilijua darasa la aina hii kama dharura ya mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi, Kenya na Tanzania. Lakini kusoma kwa mbali si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992, na hata chenyewe kiliona haja ya kuwa na vituo mikoani. Anayesoma peke yake naye anahitaji mahali pa kukutana na wenzake.

Mimi ni mwandishi wa habari, ila kwa misimu mitatu sasa nafundisha hadithi fupi kila Jumatano, saa mbili usiku kwa saa za Dar es Salaam. Aliye Muscat kwake ni saa tatu; wa Lubumbashi, saa moja. Watu hudhani kazi kubwa ni kuielewa programu. Jamani, programu unaizoea kwa nusu saa. Kazi ni kumfanya mtu awasomee watu asiowajua hadithi ya kifo cha baba yake.

Ndiyo maana wiki ya kwanza hatusomi. Nampigia kila mmoja na kumuuliza mambo matatu: unatumia simu au kompyuta? Bando unanunua la siku au la mwezi? Saa mbili usiku, hapo nyumbani unakuwa na nani? Majibu hayo ndiyo yanayopanga darasa. Wenye bando la siku wakiwa wengi, hadithi nazituma mapema WhatsApp, na mimi siongei zaidi ya dakika ishirini. Mama anayelala chumba kimoja na wanawe watatu simlazimishi kuwasha kamera.

Kisha kila mtu anapewa jirani. Usipoonekana, anayekupigia hodi ni jirani yako, si mimi. Na dakika kumi za mwanzo ni za salamu: huko mvua imenyesha? Mgonjwa anaendeleaje? Kuna aliyelalamika kwamba tunapoteza muda. Nikamuuliza, kwenu mtu huingia na kuanza kudai chumvi bila hodi?

Msimu uliopita muuguzi mmoja wa Kigoma alitoweka wiki ya nne. Jirani yake, mzee mstaafu wa Mombasa, akampigia. Kumbe simu yake janja ilikuwa imeharibika, amebaki na kitochi, na alikuwa ameshaamua kuacha. Hadithi yake mzee alikuwa nayo. Jumatano ile akampigia tena, akaiweka simu kando ya kompyuta, akatusomea hadithi ya mama mzazi na zamu ya usiku kwa lafudhi yake ya Kimvita. Salio la kupiga nje ya nchi, unalijua mwenyewe.

Alipofika katikati, sauti nyembamba ikatoka kwenye simu: "Babu, hapo umeruka mstari."

Kamera zikaanza kuwaka, moja baada ya nyingine. Mzee akavaa vizuri miwani yake, akaurudia mstari ule.