Kompyuta Zisizo na Diski

Mwaka 2009, nikiwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu, shule yetu ilikuwa na kompyuta 14 za msaada. Kati ya hizo, 11 diski zake zilikuwa zimekwisha kufa kwa vumbi na umeme wa kukatikakatika. Niliagiza zifutwe katika daftari la mali.

Kijana mmoja, mwalimu wa fizikia, akanijia ofisini. "Shikamoo Mkuu. Zile kompyuta hazijafa. Zimekosa diski tu." Nikamjibu kwamba hata marehemu amekosa pumzi tu.

Jumatatu nikakuta amezifungua bila idhini. Nilipomwuliza risiti ya programu aliyoitumia, akasema haina. Ni programu huria iitwayo gPXE, ambayo hadi mwaka 2008 ilijulikana kama Etherboot. Yeyote aweza kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Mimi tangu chuo cha ualimu nilifunzwa kwamba kitu kisicho na hati kina walakini. Nilimwandikia barua ya onyo, nakala kwa afisa elimu.

Baada ya wiki moja akaniomba dakika kumi. Alitia disketi katika kompyuta ya kwanza, akaiwasha. Programu ile ni ndogo, haijazi hata robo ya disketi. Kazi yake ni kupiga hodi kwenye waya wa mtandao na kuomba anwani. Kompyuta moja nzima, iliyowekwa pembeni kuwa seva, huitikia: anwani yako hii, na faili la kuanzia ni lile. Faili likija, huingia moja kwa moja katika kumbukumbu, na kompyuta huamka kana kwamba ina diski yake. Akaichomoa disketi, akaitia katika ya pili, kisha ya tatu. Disketi ileile moja! Zote 11 ziliamka. Nilisimama pale, sikupata la kusema.

Nakala yangu ya barua niliichana. Ile ya afisa elimu ilibaki jaladani.

Nilistaafu mwaka 2010. Mwaka huohuo baadhi ya watengenezaji wa gPXE waliichukua wakaiendeleza kwa jina la iPXE. Habari hiyo alinipigia simu yule kijana kunieleza, kwa furaha, kana kwamba sikupata kumwandikia neno. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwuliza watoto hawajambo.