Gharama ya Kusubiri

Sisi wa Uganda hatuna bahari. Mafuta ya magari, ngano na dawa nyingi tunazotumia hushushwa katika bandari ya Mombasa, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala. Ukitajiwa bei dukani, fahamu kwamba sehemu yake imetokana na safari hiyo.

Mwezi wa Januari 2022 ulitufundisha jambo hili kwa uchungu. Kila dereva wa lori aliyeingia nchini alitakiwa kupimwa korona mpakani na kulipia kipimo. Madereva waligoma, na foleni ikaanzia Malaba ikaingia Kenya kwa kilomita nyingi. Mafuta yakaadimika, bei ikaruka. Shule nazo zilikuwa zimefunguliwa tarehe 10 mwezi huohuo, baada ya kufungwa kwa takribani miaka miwili. Nilifundisha darasa lenye madawati matupu, si kwa sababu ya ugonjwa, bali kwa sababu ya nauli.

Sisemi kwamba kulinda afya ni kosa. Nasema kwamba kusubiri si bure. Lori likisimama, dereva na utingo wanakula, mkopo wa lori unadai, na kontena linaloazimwa lina siku zake za kurudishwa. Tena malori mengi hurejea Mombasa bila shehena ya kutosha, kwa kuwa tunaagiza vingi kuliko tunavyouza nje. Mfanyabiashara hulipia kwenda na kurudi, kisha hukuongezea wewe katika bei ya sabuni.

Dawa ya foleni inajulikana. Tangu 2014, kupitia Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, ushuru hukadiriwa na kulipwa shehena ikiwa bado bandarini. Pale Malaba, maofisa wa nchi mbili huhudumu katika kituo cha pamoja. Lakini sharti moja jipya, likitolewa bila maandalizi, laweza kurudisha foleni yote.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Basi, mwanafunzi wangu, unapojifunza maneno shehena, ushuru na forodha, usiyakariri kwa ajili ya mtihani tu. Ni maneno ya raia. Siku utakaposikia sharti jipya limewekwa mpakani, uliza kwa Kiswahili fasaha: litachukua saa ngapi, na nani atazilipia?