Ukelele wa Tatu

Mwaka 2006 mimi na wanafunzi wenzangu wanne wa chuo kimoja jijini Dar es Salaam tulipewa kazi ya kutengeneza filamu ya dakika kumi. Mwalimu alitutaka tuchague utanzu mmoja na kuyatii masharti yake, kama mshairi anavyotii mizani na vina. Tukachagua filamu ya taharuki.

Sikuona ugumu. Mimi ni mtoto wa Unguja, niliyekulia katika hadithi za Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko wa Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, ambaye tangu Mzimu wa Watu wa Kale kilipochapishwa mwaka 1960 amewafundisha wasomaji kwamba fumbo hufumbuliwa kwa subira. Wenzangu wa bara walikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Na sote tulikwisha kukaa katika mabanda ya video, tukimsikiliza Lufufu akizisimulia kwa Kiswahili filamu za ng'ambo.

Mswada niliuandika mimi. Kijana anarudi nyumbani usiku na kuhisi kwamba anafuatwa. Mara tatu unasikika ukelele wa "Mwizi!" Wa kwanza watokea mbali, wa pili karibu, na wa tatu kijana anatambua kwamba anayeitwa mwizi ni yeye. Nilitaka ukelele huo uwe kibwagizo, unaorudi kwa maneno yale yale lakini kila unaporudi maana yake imezidi kuwa nzito.

Tulianzia Mwananyamala, wilaya ya Kinondoni, katika chumba cha kupanga cha mmoja wetu. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hatukuwa na kimya. Filamu tulizoziiga zilikuwa na korido tupu na nyumba iliyojitenga msituni. Sisi tulikuwa na ukuta mmoja na jirani, redio yake, mtoto wake mwenye kikohozi, muuza kahawa akigonganisha vikombe, na adhana kutoka pande mbili. Mwaka ule ukame ulikuwa umepunguza maji katika mabwawa ya kuzalisha umeme, na mgawo ulikuwa mkali. Tukaufurahia, kwani giza tulilipata bure. Lakini umeme ulipokatika redio zilinyamaza na majenereta yakaanza kunguruma.

Basi tukapanda daladala ya Mwenge kwenda Temeke, tukaenda kutafuta vichochoro vya Tandika. Mjumbe wa mtaa alituruhusu kupiga picha katika uchochoro mmoja, naye akawajulisha majirani. Rafiki yetu aliyeigiza kijana alikimbia mara ya kwanza, kisha ya pili, na mara zote mbili alikimbia kama mtu anayewahi boti. Nilimwambia sioni khofu. Mara ya tatu nilimtaka akimbie moja kwa moja, avuke uchochoro ule na kutokea mtaa wa pili, ambako mjumbe wetu hakuwa na habari na watu hawakutujua. Mpiga picha alimfuata mbio.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba ukelele utatiwa baadaye, wakati wa kuhariri. Mimi ndiye niliyevunja makubaliano. Nilitaka kuiona khofu usoni mwake, nikapaza sauti: "Mwizi!"

Msomaji mpenzi, anayeujua uswahilini hahitaji kuelezwa yaliyofuata. Milango ilifunguliwa kwa pamoja. Neno nililolitamka mara moja lilikwisha kupokewa na vinywa ishirini kabla sijavuta pumzi. Nilipofika alikuwa chini, mikono kichwani, na mtu mmoja ameshika tofali. Nilipiga kelele kwamba ni filamu, lakini sauti yangu ilikuwa moja kati ya nyingi, wala hakuna aliyekuwa na haja ya kuisikia.

Aliyemwokoa ni bibi mmoja aliyejipenyeza katikati ya watu akiwa na kanga mbili na kandili. Alasiri ile rafiki yetu alikuwa amepita kwake kuomba maji.

"Mwacheni mwanangu huyo," alisema. "Kaniamkia kwa adabu, nimempa maji kanywa, kanirudishia kikombe changu mkononi. Mwizi gani anayerudisha kikombe?"

Tofali likashuka. Hakuna aliyeomba radhi, na sisi hatukuwa na uso wa kuidai.

Kamera haikuzimwa. Tulipoitazama kanda siku ya pili, tuliona alichokuwa akikitafuta kila mmoja wetu, nami zaidi ya wote. Sura ile haikuwa na uigizaji hata chembe. Nilisema kwamba hiyo ndiyo filamu yetu. Rafiki yangu, jicho lake bado limevimba, alinijibu polepole: "Kaka, hapo naomba nisife. Ukiiweka, watu wataniangalia nikiomba, halafu watapiga makofi."

Naona haya kukiri kwamba nilibishana naye siku tatu. Nilimtajia sanaa, nikamtajia ukweli, nikamwambia kwamba hata tenzi zetu zimejaa vilio vya watu. Yeye hakuongeza neno. Mwishowe tulirudi Tandika, tukamwomba bibi radhi, na kwa idhini yake tukapiga picha ya mkono wake ukipokea kikombe. Katika filamu, ukelele wa tatu unasikika kiwambo kikiwa cheusi, kisha kinaonekana kikombe. Ilionyeshwa mara moja tu, darasani, juu ya shuka jeupe. Mwalimu alisema kilele chake ni dhaifu, na kwa kanuni za utanzu ule alisema kweli.

Nilikwenda kutafuta khofu mahali penye upweke kwa kuwa huko ndiko walikoiweka wengine. Kwetu mtu hayuko peke yake hata usiku wa manane, na wale wale wanaotulinda kwa wingi wao ndio wanaoweza kutuua kwa wingi huo huo. Kinachowageuza ni neno moja. Mshairi anayepima maneno kwa mizani alipaswa kulijua hilo kabla ya kulitupa mtaani usiku.

Leo kila mtu ana kamera katika simu yake, na sura za watu wanaopigwa husambazwa kabla damu haijakauka. Kila nizionapo huikumbuka kanda ile, ambayo kwa miaka yote hii nimeiweka sandukuni. Mwaka jana rafiki yangu aliniuliza kama nimekwisha kuifuta. Nikamjibu bado, naye akanyamaza.

Juma hili ninavuka kwenda Dar es Salaam, na kanda iko mkobani. Ninampelekea mwenyewe, afanye nayo atakavyo.