Majedwali Mawili

Leo naiacha Linux kando kidogo. Nataka tuongee juu ya dimenshia, maradhi ya ubongo yanayompokonya mtu kumbukumbu, maneno, na hata njia ya kurudi kwake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi nayo, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Mwaka 2017 nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha mpango unaozihimiza serikali ziwe na sera au mikakati yao ya dimenshia.

Swali langu ni la mtu wa programu: serikali ikikusanya maoni ya mkakati kama huo, yatoke kwa nani?

Nauliza kwa sababu nyumbani kwetu kuna majibu mawili. Nyanya yangu ana dimenshia, na mamangu ndiye anayemtunza. Muulize mama, atakwambia: nipatieni mtu wa kukaa naye hata siku moja kwa wiki, na lango lisilofunguka usiku. Muulize nyanya, polepole, asubuhi akiwa ametulia, atakwambia: niacheni niende sokoni. Wote wawili wanasema kweli. Lakini fomu yenye kisanduku kimoja cha "maoni ya familia" itajazwa na mama, na mkakati utakaotoka humo utakuwa wa kufunga malango tu.

Scotland walianza mapema. Mwaka 2002 kilianzishwa huko Scottish Dementia Working Group, kikundi ambacho wanachama wake ni wenye dimenshia wenyewe, James McKillop akiwa mmoja wa waanzilishi. Walezi nao wana kikundi chao kando. Mkakati wa kwanza wa taifa ulitoka mwaka 2010, na mwaka 2013 serikali ikaahidi kwamba kila anayegunduliwa kuwa na dimenshia atapata msaada wa angalau mwaka mmoja. Kabla ya mkakati wa 2023, waliendesha mazungumzo ya taifa zima.

Hapa Kenya, kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Sawa. Ila tangazo likitoka gazetini kwa Kiingereza likitaka maoni kwa barua pepe, mama hatajua kwamba anaitwa yeye. Hajawahi kulitumia neno dimenshia. Yeye husema nyanya amerudi utotoni. Hata baraza la chifu haendi, maana nani atabaki na nyanya?

Ningepewa mimi kuunda mfumo huo, ningeanza na majedwali mawili, la walezi na la wenye dimenshia, na pasiwe na ruhusa ya kujaza moja kwa niaba ya lingine. Maswali yaulizwe kwa mdomo, moja moja, kwa lugha ya nyumbani, na wahudumu wa afya ya jamii ambao tayari hutembea nyumba kwa nyumba. Siku ya mwisho tuhesabu. Jedwali la pili likiwa tupu, kazi haijaisha, hata kama la kwanza lina majibu elfu kumi.